Kabla Hujaigusa Sahani ya Steta: Taimingi ya Cheche Katika Pikipiki ya Motokrosi

Msomaji mmoja wa Ongata Rongai ameniletea swali ambalo ninalifupisha hivi. Alinunua Yamaha YZ250 ya mipigo miwili kutoka kwa mtu wa Mombasa, na alipoifikisha Nairobi akaona imekuwa nzito, hasa anapopanda njia za mawe za Ngong kwa gia ya pili. Fundi mmoja alimwambia kwamba taimingi, yaani wakati ambao plagi hutoa cheche, imechelewa, akafungua kifuniko cha kushoto, akaisogeza sahani ya steta, ile iliyobeba koili za umeme, kwa kukisia na kukaza. Tangu siku hiyo kiki inamrudishia teke, na akifungua mafuta kwa ghafla anasikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe. Anauliza taimingi huwekwa vipi sawasawa, na kama mwinuko wa Nairobi unahitaji taimingi tofauti na ile ya pwani.

Ndugu yangu, nianze na lililo la haraka. Kiki inayorudisha teke pamoja na mlio huo wa kokoto ni dalili mbili zinazoshuhudia jambo moja, kwamba cheche inaruka mapema mno. Usiiwashe tena pikipiki hiyo, hata kwa kuijaribu tu, mpaka sahani ya steta irudi kwenye alama yake ya kiwandani. Teke moja la kiki linaweza kuvunja kifundo cha mguu, na pistoni ya alumini inaweza kutoboka kwa dakika chache za kupanda mlima huku mafuta yamefunguliwa yote. Jambo la pili, ambalo nitalieleza kwa urefu, ni kwamba kwa maelezo uliyonipa naamini taimingi haikuwa tatizo lako tangu mwanzo.

Mafuta ndani ya silinda hayalipuki yote mara plagi inapotoa cheche. Yanawaka, na moto huchukua muda kusambaa kutoka kwenye plagi hadi kwenye kingo za silinda. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kombeo, ile shafti inayogeuzwa na pistoni, hugeuka digrii 36 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ikifika 9,000 hugeuka digrii 54 katika muda huohuo. Ndiyo maana cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kikomo chake cha juu, ili shinikizo la moto lifikie upeo wake pistoni ikiwa imeshapita kikomo hicho na kuanza kushuka, kiasi cha digrii 10 hadi 20 hivi, mahali ambapo konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kombeo, ina pembe nzuri ya kuusukuma mkono wa kombeo. Cheche ikiwahi kupita kiasi, shinikizo linapanda pistoni ikiwa bado inapanda. Injini inapigana na nafsi yake, joto linazidi, na mafuta yaliyobaki kwenye kingo, ambayo moto wa plagi haujayafikia, yanajiwasha yenyewe kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho unachokisikia kama kokoto. Cheche ikichelewa, moto unaifukuza pistoni inayoshuka, nguvu inapotea, na joto ambalo lingefanya kazi linakimbilia kwenye paipu ya moshi.

Hapo penye paipu ya moshi ndipo injini ya mipigo miwili inapoachana na ile ya mipigo minne, na ndipo mafundi wengi waliozoea pikipiki za bodaboda wanapokosea. Paipu ile iliyovimba katikati si ya kutoa moshi tu. Kila pistoni inapofungua tundu la moshi, wimbi la shinikizo linasafiri ndani ya paipu, linagonga sehemu ya nyuma inayopungua upana, linarudi na kuyasukuma ndani ya silinda mafuta mabichi yaliyokuwa yakitoroka. Wimbi hilo linasafiri kwa kasi zaidi katika gesi yenye joto kuliko katika gesi iliyopoa. Ukiiwahisha cheche kidogo, nishati nyingi zaidi inatumika juu ya pistoni na moshi unatoka ukiwa umepoa kiasi, kwa hiyo wimbi linachelewa na paipu inapatana na injini katika mizunguko ya chini. Unapata mvuto mzuri chini na katikati, lakini injini inachoka mapema huko juu. Ukiichelewesha kidogo, paipu inapata joto, wimbi linaharakisha, na injini inaendelea kupanda mizunguko hata pale ambapo ingekwisha pumzi, ingawa chini inakuwa laini na mvivu. Visanduku vya CDI, vile vya umeme vinavyoamua wakati wa cheche, katika pikipiki za namna hii huwahisha cheche katika mizunguko ya kati na kuichelewesha tena katika mizunguko ya juu kwa sababu hiyohiyo, pamoja na kuilinda pistoni. Sahani unayoizungusha haibadilishi umbo la mpangilio huo, bali inauhamisha wote kwa pamoja. Digrii ulizoziongeza kwa ajili ya kupanda Ngong zitakuwapo pia unapofungua mafuta yote kwenye barabara ya vumbi ya Kajiado.

Sasa nije kwenye mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa limepungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Kabureta haijui hilo. Jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopima mafuta, iliyochaguliwa kwa hewa nzito ya pwani inaendelea kumwaga karibu mafuta yaleyale katika hewa iliyo nyepesi, na mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kupita kiasi. Pikipiki inakuwa nzito chini, inakohoa inapofunguliwa ghafla, plagi inatoka nyeusi na kulowa, na paipu inadondosha oili nyeusi. Mwendeshaji anahisi kwamba cheche imechelewa, kwa sababu mchanganyiko wa namna hiyo huwaka polepole na nguvu yake hufika kwa kuchelewa. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake iko kwenye kabureta. Pikipiki iliyotoka Mombasa ikapanda hadi Rongai bila kubadilishwa jeti haiwezi kuwa na nguvu zake, hata ingewekwa taimingi na mhandisi aliyeibuni.

Kwa hiyo, sahani ikisharudi kwenye alama yake, anza na jeti. Katika kabureta ya Keihin, ikiwa jeti kuu iliyomo ni 175, tarajia kushuka hadi 168 au 165 kwa matumizi ya Nairobi na Ngong, kisha uishushe sindano pini moja, na uitazame upya jeti ndogo ya mizunguko ya chini. Shuka hatua moja kwa wakati na usome plagi kila mara. Nunua jeti halisi, maana zile za bei rahisi zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwa mpira nimezikuta mara nyingi zikiwa na namba isiyolingana na tundu lake. Hapohapo kagua vali ya moshi, ile inayoitwa YPVS, inayobadilisha kimo cha tundu la moshi. Ikiganda kwa masizi ikiwa wazi, mvuto wote wa chini hupotea, na hakuna taimingi itakayourudisha. Toa pia kizuizi cha majani kilicho kati ya kabureta na injini, vile vibapa vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, uyainue majani kuelekea dirishani, na kama mwanga unapita kwenye ncha zake au moja limepasuka kona, yabadilishe. Ukipima mgandamizo wa silinda, usishtuke geji ikikuonyesha pungufu kuliko aliyokuambia mtu wa Mombasa, kwa sababu hewa iliyoanza ikiwa nyepesi haiwezi kuishia na shinikizo lilelile.

Na swali lako lenyewe, je, Nairobi inahitaji taimingi tofauti? Hewa nyepesi huwaka polepole kidogo na haina haraka ya kugonga, kwa hiyo injini inaweza kustahimili, na hata kufurahia, kuwahishwa kidogo. Kidogo hicho ni digrii moja, na kwa kawaida sivuki mbili kutoka alama ya kiwandani. Faida yake huonekana tu baada ya kabureta kunyooshwa. Kabla ya hapo unaficha kosa moja kwa kosa lingine.

Kuipima taimingi kunahitaji vifaa vichache. La msingi ni geji ya saa, ile yenye mshale unaosoma sehemu za mia za milimita, pamoja na kishikio kinachoingia kwenye tundu la plagi. Kishikio si lazima ukiagize ng'ambo. Chukua plagi kuukuu ya uzi uleule wa milimita 14, itoe kauri yake, umpelekee mtu wa mashine ya kuchonga vyuma kule Kariobangi Light Industries akutobolee katikati tundu la kupita mkono wa geji, na akuwekee skrubu moja ya kuushikilia. Usitumie bisibisi wala bomba la kalamu kupima pistoni. Katika injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 72, kama zilivyo YZ250 za miaka ya karibuni, kombeo likiwa digrii 2 kutoka kikomo cha juu pistoni imeshuka milimita 0.03 tu, na hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuliona hilo. Fundi anayetafuta kikomo cha juu kwa bisibisi ameshapoteza digrii kadhaa kabla hajaanza kazi.

Kikomo cha juu chenyewe kipate kwa njia ya pande mbili. Mshale wa geji husimama pistoni ikiwa juu, lakini husimama kwa upana, kwa hiyo zungusha flaiwili, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya kombeo, upande mmoja mpaka geji isome milimita 1 chini, uweke alama ya kalamu kwenye flaiwili mkabala na sehemu moja ya kasha, kisha urudi upande wa pili mpaka isome milimita 1 vilevile na uweke alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kikomo cha juu kilipo. Hapo iweke geji kwenye sifuri.

Baada ya hapo fuata kitabu cha huduma cha mwaka wa pikipiki yako, na hapa nakuomba usome kwa makini. Vitabu vingine hutoa taimingi kwa digrii katika mizunguko fulani, vingine hutoa milimita kabla ya kikomo cha juu, na katika pikipiki nyingi za motokrosi milimita hizo ni mahali pa pistoni ambapo alama ya flaiwili inapaswa kukutana na alama ya sahani. Hizo si lugha moja. Mtu aliyechukua namba ya pikipiki ya rafiki yake akaiweka kwenye yake hajaweka taimingi yoyote. Ikikubidi kugeuza digrii kuwa milimita, nusu ya mwendo wa pistoni na urefu wa konrodi vinahusika. Kwa mwendo wa milimita 72 na konrodi ya milimita 130, digrii 13 ni milimita 1.18, digrii 15 ni milimita 1.56, na digrii 17 ni milimita 2.00. Konrodi ikiwa ya urefu mwingine, piga hesabu yako upya.

Rudisha flaiwili nyuma kupita kipimo unachokitaka, kisha uilete mbele polepole kwa mwelekeo wa kuzunguka kwa injini mpaka geji isome kipimo hicho. Ukikipita, usirudi nusu hatua, rudi nyuma kabisa uanze tena, ili ulegevu wa beringi usikudanganye. Mwelekeo wa injini usiubuni. Tafuta mshale kwenye flaiwili, au ukiwa umeitoa plagi tia gia ya juu, sukuma pikipiki mbele na utazame flaiwili inageukia wapi. Pikipiki nyingi za Kijapani, ukizitazama kutoka upande wa kushoto, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Sahani ikigeuzwa kinyume cha mzunguko wa flaiwili, cheche inawahi, kwa sababu koili ya kuchochea inakwenda kuipokea sumaku njiani. Ikigeuzwa kuufuata mzunguko, cheche inachelewa.

Sasa inama uitazame sahani yenyewe. Ifute kwa kitambaa kilicholowa petroli, taratibu, kwa maana unachokitafuta ni mkwaruzo mmoja mfupi kwenye ukingo, ulionyooka na wenye kina sawa, na mwenzake kwenye kasha la injini. Katika pikipiki iliyopita mikononi mwa watu wengi utakuta pia mikwaruzo ya bisibisi, miwili au mitatu, iliyopinda na kumeremeta. Hiyo ni kumbukumbu ya waliokutangulia, usiifuate. Ule wa kiwandani una uchafu wa miaka ndani yake na rangi ileile ya chuma kinachouzunguka. Legeza skrubu za sahani nusu mzunguko tu, igeuze mpaka mikwaruzo ya kiwandani ikutane, kisha uhakikishe kwa geji.

Ujue pia unachezea kipimo kidogo kiasi gani. Kwenye sahani yenye kipenyo cha sentimita 10, digrii moja ni milimita 0.87 pale ukingoni, yaani kuzidi kidogo tu unene wa kadi ya benki. Fundi aliyeisogeza yako milimita 4 kwa jicho, jambo lililo rahisi mno kutokea, aliongeza zaidi ya digrii 4. Ukitaka kujaribu kuwahisha, ongeza nusu ya digrii, kaza, endesha, soma plagi, kisha amua. Baada ya kukaza skrubu pima tena, kwa sababu sahani husogea na skrubu ya mwisho. Tia tone moja la gundi ya skrubu katika kila moja, na kabla ya kufunga kifuniko pitisha kidole kuizunguka flaiwili yote, maana sumaku zake hupenda kuokota skrubu na vipande vya chuma usivyoviona.

Iwapo mikwaruzo imekutana sawasawa na bado kiki inarudisha teke, usiisogeze sahani kwenda upande wa pili ili kulifidia hilo. Toa nati ya flaiwili, uivute flaiwili kwa pula yake halisi wala si kwa nyundo, ukitazama kwanza kama uzi wa pula ni wa mkono wa kushoto, na uikague ile funguo ndogo ya chuma yenye umbo la nusu mwezi inayoishikilia flaiwili kwenye shafti. Ikikatika au kukwaruzwa, flaiwili huteleza digrii nyingi na alama zote zinakuwa za uongo. Safisha koni ya shafti na ya flaiwili mpaka zikauke kabisa, bila grisi, kwa sababu kinachoishika flaiwili ni koni hizo, na funguo ni ya kuonyesha mahali tu.

Kuna wasomaji wengine wenye pikipiki za mipigo minne za kuchezea matopeni, nao niwaambie kwa kifupi kwamba nyingi hazina sahani ya kugeuza. Koili ya kuchochea imefungwa kwenye kasha, na taimingi iko ndani ya CDI au kompyuta ya injini. Kwao kazi ni kupima nafasi kati ya koili na flaiwili, kukagua funguo, na basi. Wenye mashine za zamani zenye platineni, yaani vidole vya chuma vinavyofunguka na kufunga umeme wa cheche, waweke kwanza mwanya wa platineni, ambao mara nyingi ni milimita 0.3 hadi 0.4, kwa sababu mwanya ukibadilika taimingi nayo hubadilika.

Kusoma matokeo kunahitaji plagi mpya na dakika tano za mzigo, kisha uzime injini ukiwa bado umefungua mafuta, ukikamata klachi. Tazama kidole cha plagi kile kilichopinda. Joto huacha mstari wa kubadilika rangi juu yake. Mstari ukiwa karibu na pale kinapopinda, taimingi iko vizuri. Ukishuka kuelekea kwenye uzi wa plagi, cheche inawahi mno. Ukibaki nchani, inachelewa. Kisha ikague kauri nyeupe kwa lenzi. Ukiona vitone vidogo vyeusi au vya kung'aa kama fedha, hivyo ni pistoni yako inayotoka kidogokidogo, na hapo chelewesha mara moja.

Nimebakiza jambo linalonitia wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu watu wa Rongai mko mlangoni mwa barabara ya Magadi. Miaka kadhaa iliyopita niliwekewa mezani pistoni ya cc 250 yenye tundu ambalo kidole changu kidogo kilipita bila kugusa kingo. Mwenyewe alikuwa amepunguziwa jeti kwa ajili ya Nairobi, jambo lililo sahihi, na amewahishiwa cheche kwa kukisia, jambo ambalo huku juu injini ililivumilia kwa wiki nyingi. Siku aliyoteremka kutoka Kona Baridi kuelekea Magadi, kutoka takriban mita 2,000 hadi karibu mita 600, katika joto la bonde, hewa ilizidi kuwa nzito kila kilomita. Jeti kuu iliyopunguzwa ikawa haitoshi, mgandamizo ukapanda, na digrii zile za ziada, zilizokuwa zikivumilika Ngong, zikawa moto wa kuchomelea vyuma. Wala hakusikia mlio, kwa sababu alikuwa na helmeti na upepo.

Kwa hiyo ukishamaliza kazi hii, tembea na jeti ya pwani ndani ya kikopo kidogo chenye spana yake. Ukitaka kuteremka chini ya Olepolos kwenye barabara hiyo ya Magadi, ibadilishe jeti kuu kabla ya kuondoka nyumbani, uirudishe sindano ilipokuwa, na usogeze sahani kwenye mkwaruzo wa kiwandani kama ulikuwa umeiwahisha. Ni kazi isiyofika saa moja ukiwa kivulini. Ukirudi, subiri injini ipoe kabisa ndipo uigeuze tena, kwa sababu kipimo cha geji kwenye injini yenye moto si kile utakachokipata ikiwa baridi.